Jumamosi za Baba Zilikuwa za Ngara

Juzi nilikwenda Ngara, hapa Nairobi, kutafuta sahani za harusi ya binti yangu wa mwisho, maana pale sahani huuzwa kwa bei ya jumla na muuzaji hachoki hata ukizigonga moja moja kusikiliza kama zina ufa. Nilikuwa nimesimama chini ya jengo la zamani la mawe, lenye roshani za chuma zilizoshika kutu, wakati mtu fulani huko juu alipotia vitunguu katika samli ya moto. Kisha akatia bizari. Harufu ikashuka ngazi, ikanikuta barabarani, nikasahau sahani. Mama aliyekuwa akiuza akaniuliza kwa upole kama ninanunua ama ninapumzika. Nikamwambia ninapumzika. Sikuweza kumweleza kwamba mwanamke wa umri wangu, mwenye wajukuu, amesimama kando ya njia akimwonea wivu marehemu.

Baba yangu alikuwa dereva wa gari moshi. Kabla ya hapo alikuwa askari. Waingereza walimchukua kutoka Ukambani akiwa kijana, wakamvusha bahari, wakampeleka kupigana na Wajapani katika misitu ya Burma, na aliporudi hakutaka tena kukaa nyuma ya ng'ombe. Akaingia reli. Alianza kwa kutia makaa tanuruni, akamaliza kwa kuziendesha zile injini kubwa zilizopanda kutoka Mombasa zikipumua kama fahali aliyekasirika. Mimi ndiye kitinda mimba. Nilipopata akili ndugu zangu walikuwa wameshaoa na kuolewa, na baba nilimfahamu kama mgeni mwenye sanduku la bati, anayefika kotasi za reli asubuhi akinuka moshi na mafuta, analala mchana kutwa huku tukitembea kwa vidole vya miguu, kisha anaondoka tena. Mtu akiuliza baba yuko wapi, mama alijibu, "Reli imemchukua."

Kwa hiyo alipostaafu, tukahama kotasi na kuingia nyumba yetu wenyewe mtaa wa Jamhuri, nilielewa jambo moja tu: reli imechoka naye, imenirudishia. Nilidhani mtu husubiri zamu yake, na yangu imefika.

Na kweli, siku nyingi alikuwa wangu. Alinisindikiza shule asubuhi akiwa amevaa koti lake jeusi na kofia, akitembea kwa ule mwendo wa askari ambao haukumtoka hadi kufa. Alinikatia kucha. Alinitengenezea kikalio cha ubao juu ya baiskeli. Sikio lake la kushoto lilikuwa limeharibiwa na honi za injini, kwa hiyo ukitaka akusikie ulipaswa kukaa kulia kwake. Upande ule niliuhesabu kuwa shamba langu. Mezani nilikaa kulia, kanisani kulia, barabarani kulia, hata kama jua lilinichoma. Mama alicheka akasema nimemwekea baba ua wa michongoma.

Lakini Jumamosi hakuwa wangu. Jumamosi aliamka mapema kuliko siku zote, akanyoa ndevu, akapaka viatu rangi, akabeba kikapu na kuondoka bila kusema anakokwenda, na mama hakumwuliza. Alirudi jioni akiwa mchangamfu, macho yanang'aa, kama mtu aliyetoka kunywa, ingawa baba hakunywa pombe. Nilimkimbilia langoni na kuzika uso katika koti lake. Hapo ndipo nilipokutana na ile harufu: vitunguu, samli, bizari. Haikuwa harufu ya jiko letu. Mama alipika kwa mafuta ya kawaida na chumvi, na alisema bizari inamkereketa koo.

Huenda nisingeifikiria sana, lakini mama mdogo, ndugu yake mama, alikuwa akikaa nasi akitafuta kazi, naye alikuwa na ulimi wa mzaha. Jioni moja alinusa lile koti lililotundikwa nyuma ya mlango, akamwambia mama, "Dada, huyu mzee ana jiko lingine." Mama akacheka tu, akaendelea kuchambua ndengu. Mimi sikucheka. Nilikuwa nimesikia habari za wanaume wenye majiko mawili. Msichana mmoja darasani kwetu aligundua siku ya mazishi ya babake kwamba ana ndugu wengine, wamevaa viatu vizuri kuliko vyake.

Tangu siku ile nikawa na mpinzani. Sikumfikiria mwanamke wa jiko lile; mwanamke yule alikuwa shida ya mama. Mimi nilimfikiria mtoto. Nilijua lazima awe msichana, wa rika langu, na nikampa jina, Rozi. Rozi alikuwa na soksi nyeupe zenye maua kifundoni. Rozi alikaa kulia kwa baba. Alisimuliwa habari za vita, ambazo mimi nilipoziulizia niliambiwa kwamba vita si hadithi ya watoto. Kila Jumamosi, nikiwa nafua sare zangu za shule, nilimwona akila vile vitu vilivyokuwa kwenye kikapu, na nilikuwa nikisugua kola hadi mama ananiuliza kama nataka kuitoboa.

Kisha mama akaenda msibani kwao Kangundo, na mama mdogo akaondoka naye. Baba hakuwa na mtu wa kuniachia. Ijumaa jioni aliniambia nijitayarishe, kesho tutakwenda pamoja. Sikuuliza wapi. Nilivaa gauni la Krismasi, nikapaka mafuta miguuni mpaka ikang'aa, nikafunga utepe kichwani. Nilikuwa nakwenda kumwonyesha Rozi.

Tulishuka mjini, baba akanunua nyama na majani ya dania, kisha tukaenda kwa miguu, tukavuka mto na kupanda upande wa Ngara, kati ya maduka ya vitambaa na mafundi wa cherehani. Alinunua vitu bila kuuliza bei, kama mtu aliye kwake. Wauzaji walimjua. Tukaingia katika jengo la mawe, tukapanda ngazi zilizolika katikati kama sabuni, na mbele ya mlango wa kijani baba akatia mkono mfukoni, akatoa ufunguo. Ufunguo ule ulinichoma. Mtu hapewi ufunguo wa nyumba ya kutembelea tu.

Ndani palikuwa na kitanda, meza, jiko la mafuta ya taa, na mzee mmoja aliyevaa koti na tai, ameketi wima kitandani kama anayesubiri kupigwa picha. Macho yake yalikuwa meupe kama maziwa yaliyochanganywa na maji.

"Umechelewa, Dereva," alisema. Kisha akainua pua. "Leo umekuja na nani?"

"Mtoto wangu, Koplo. Mama yake yuko msibani."

"Haya," alisema yule mzee, kwa sauti ya mtu aliyeletewa kitu ambacho hakuagiza. "Akae pale. Asiguse redio."

Nilikaa pale. Nikangoja Rozi atoke. Palikuwa na pazia kwenye kona, nikafikiri yuko nyuma yake. Baba alivua koti, akakunja mikono ya shati, akashika kisu, akaanza kukatakata vitunguu. Nyumbani baba hakuwahi kuingia jikoni ila kuomba maji ya kunyolea. Sikujua kwamba mikono ile inajua kisu. Alikata upesi, vyembamba, bila kutazama. Akatia samli, akatia bizari, akakanda unga wa chapati, na huku akikanda akaanza kuimba wimbo wa kutembea wa askari, wenye maneno ambayo sikuyafahamu, na yule mzee akawa anapokea kiitikio huku akigonga ubao wa kitanda. Kisha mzee akasema neno moja tu, jina la mahali nadhani, na baba akacheka. Nilikuwa sijawahi kusikia kicheko kile. Kilimtoka tumboni, kikampinda, ikabidi ajishike kwenye meza yenye unga.

Nilipoona pazia limefunguka kwa upepo na nyuma yake hakuna mtu, ila makoti mawili, nikauliza mtoto yuko wapi.

"Mtoto gani?" baba akasema.

"Mtoto wa hapa."

"Hapa hakuna mtoto. Ni Mzee Barasa peke yake. Mkewe alifariki, Mungu hakuwajalia mtoto."

Ningepaswa kufurahi. Badala yake nililia, na baba akadhani ni vitunguu, akanisogeza karibu na dirisha. Lakini mimi nilikuwa nimeelewa. Rozi ningemweza. Ningejifunza kusoma vizuri kuliko yeye, ningekimbia mbio kumshinda, ningevaa soksi kama zake. Sasa mtu anashindanaje na mzee kipofu? Na alikuwa ameketi kulia kwa baba.

Mama aliporudi nilimwambia nimefika kwenye lile jiko lingine. Hakushangaa. Alinikalisha akanieleza yale ambayo labda alidhani ninayajua. Kwamba huko Burma baba aliugua homa hata asiweze kusimama, kikosi kikiwa kinarudi nyuma haraka, na watu wakasema aachwe chini ya mti pamoja na chupa ya maji. Barasa akakataa. Akambeba mgongoni mchana kutwa, akimtukana njia nzima ili asilale. Baada ya vita wakaingia reli pamoja, baba akawa dereva na Barasa mtia makaa wake, mpaka macho yake yalipoanza kuingia ukungu. "Bila yule mzee," mama alisema, "baba yako angebaki huko. Wewe usingekuwepo."

Alinieleza ili nilainike. Mimi nilisikia tu kwamba hata kuzaliwa kwangu nimeazimwa na Mzee Barasa.

Muda haukuwa mrefu lile jengo la Ngara likauzwa, na mwenye nyumba mpya akawataka wapangaji wote watoke. Baba na mama walizungumza barazani alasiri moja. Jumamosi iliyofuata baba hakwenda Ngara. Ngara ilikuja kwetu, kwa pikapu ya jirani: kitanda, redio, makoti mawili, na Mzee Barasa akiwa amekaa mbele na tai yake. Walimpa chumba changu kwa sababu kilikuwa karibu na choo. Mimi nikahamishiwa sebuleni, kwenye kochi, pamoja na cherehani ya mama.

Naomba nieleweke, hakuwa mtu mbaya. Ila alikuwa na kiburi na alipenda mambo yake. Chai ikipoa kidogo aliirudisha. Alicheza drafti kwa vifuniko vya soda, akizipapasa kete kwa vidole, na alikuwa mwizi wa drafti mkubwa, kwa sababu nani atamshuku kipofu? Baba alimwona akiiba, akanikonyeza, akamwacha. Hata lile konyezo, nililopewa mimi, lilikuwa la kumfurahisha yeye.

Jioni walikaa barazani, viti viwili, Barasa upande wa kulia. Baba alimwelezea kila kinachopita. Mama Wanjiku amebeba kuni. Mbwa wa kona amezaa, watoto wote weusi, mmoja ana soksi. Mvua iko Ngong, itafika kwetu kabla ya chai. Nilikuwa sijui kwamba baba anaona vitu vingi hivyo. Nilipopita mimi, alisema, "Mwende anapita," kama alivyosema mbwa anapita. Jina langu kwa Kikamba maana yake ni apendwaye. Nililala kwenye kochi nikisikia vicheko vyao kupitia dirishani, nikafikiri kwamba wazazi wangu wangengoja kidogo kabla ya kunipa jina.

Basi siku moja niliingia nyumbani kutoka shuleni nikiwa nimefumba macho. Sikuwa nimepanga mbali. Niliona tu kwamba katika nyumba yetu anayeshikwa mkono ni yule asiyeona. Nikafumba kuanzia langoni. Nikapapasa ukuta, nikaingia, nikaangusha ndoo, nikaketi mezani na kuomba maji. Mama akaniuliza nina nini. Nikasema sioni. Akasema nina wazimu, nifumbue nikaoshe vyombo. Nikainuka kwenda kuosha vyombo nikiwa nimefumba bado, nikajigonga paji la uso kwenye mlango wa kabati, damu ikatoka, na hata hapo sikufumbua.

Baba alikuja. Nilimjua kwa viatu. Alinifunga kitambaa, na nilimngoja agombe. Hakugomba. Aliuchukua mkono wangu akauweka kwenye kiwiko chake, upande wa kulia.

"Twende," alisema. "Shika hapa. Kuna kizingiti."

Tukatoka. Alinipeleka barabara yote ya mtaa wetu, polepole, akinisimulia. Alisema hapa kuna ua wa maua ya zambarau umekatwa vibaya, aliyeukata alikuwa na hasira. Alisema kuna mwanamume anaosha gari lisilo na magurudumu. Alinipeleka hadi kwenye uzio wa uwanja wa maonyesho ya kilimo, akaupitisha mkono wangu juu ya nyaya, akaniambia ng'ombe wa maonyesho wamefika, wamepigwa brashi kama maharusi, na mmoja ananitazama mimi. Nilinusa majani na mavi mabichi, nikasikia yule ng'ombe akipumua. Hakuniuliza kwa nini nimefumba. Hakuniambia nifumbue. Kama mtu akiniambia leo nichague saa moja ya utoto wangu nirudishiwe, sitafikiri mara mbili, ingawa ndiyo saa ambayo sikuona kitu.

Tuliporudi Mzee Barasa alikuwa amesimama barazani.

"Dereva, chai imepoa," alisema. "Ulikuwa wapi?"

Baba akautoa mkono wangu kiwikoni kwake, taratibu, akaushika wake.

Ndivyo tulivyoishi, na ningekuwa mwongo nikisema nilizoea. Nilikua tu. Nikaanza sekondari, nikarefuka, nikajifunza kuficha. Mzee Barasa naye hakunijali sana. Aliniita "mtoto wa Dereva", na nilipomletea chakula alinishukuru kama anavyoshukuriwa tarishi.

Kisha kifua cha baba kikashindwa. Moshi ule wa miaka yote, mama alisema, sasa unadai. Alilazwa katika hospitali moja Parklands, ghorofani, katika wodi yenye madirisha makubwa. Tulimtembelea mimi na mama, akawa anasema machache, pumzi ikimkatikia njiani. Nilipata nafasi ya kukaa kulia kwake. Nilikuwa na mengi ya kumwambia, nikamwambia habari za mtihani wa hesabu.

Siku iliyofuata mama alikuwa amechoka, na baba alikuwa ameagiza Barasa aletwe. Kwa hiyo nilimleta mimi, nikimwongoza kwa kiwiko kupitia mjini na kupanda ngazi za hospitali, yeye akilalamika kwamba natembea kama mtu anayekimbizwa. Muuguzi alisema mgonjwa amechoka, ataingia mmoja tu. Nilimtazama baba kupitia mlango uliokuwa wazi nusu. Alikuwa ameinua mkono, na mkono ule ulikuwa unaelekea kwa Barasa.

Nilimpeleka hadi kitini, nikatoka, nikakaa kwenye benchi la nje. Sikusikia maneno. Nilisikia Barasa akiongea, akiongea, kwa sauti ya chini isiyokuwa yake. Na halafu, ndani ya wodi ya watu wanaokufa, nikasikia baba akicheka. Kicheko chenyewe kilikuwa kimechakaa, kikaishia katika kikohozi, lakini ndicho kile cha Ngara. Mimi nilikuwa nimempelekea mtihani wa hesabu.

Nilipoingia kumchukua Barasa, baba alinitazama kwa muda mrefu. Nikainama, nikiamini kwamba sasa atasema. Akavuta pumzi.

"Mpeleke Koplo polepole," alisema. "Kuna ngazi."

Alifariki kabla ya jua kuchomoza, na hayo yakawa maneno yake ya mwisho kwangu. Nilipokuwa nalia msibani, watu wakinifariji kwamba baba alikuwa mtu mwema, nilikuwa nalia kwa sababu ya zile ngazi.

Tulimzika Ukambani. Barasa alisimama kando ya kaburi katika koti na tai, akapiga saluti kuelekea upande usio sahihi, na mjomba mmoja akamgeuza mabega kwa heshima. Baadaye watu wa ukoo walimwuliza mama kama huyu mzee sasa atarudishwa kwao magharibi. Mama akawajibu kwamba yuko kwao. Tukarudi Jamhuri sisi watatu, mimi nikiwa bado kwenye kochi.

Kwa muda mrefu sikuzungumza naye ila la lazima. Kiti cha baba barazani kilibaki kitupu na hakuna aliyekikalia. Jioni Barasa aliketi peke yake, uso umeelekea barabarani, na hakuna aliyemwambia nani anapita.

Matokeo ya mtihani wangu wa mwisho yalitoka siku ambayo mama alikuwa sokoni. Nilirudi mbio kutoka shuleni, nikapiga hodi kila chumba, nikakuta hakuna mtu wa kumwambia isipokuwa yule aliye barazani. Nilisimama mlangoni nikashindana na nafsi yangu. Furaha ikanizidi nguvu. Nikamwambia nimefaulu, nitakwenda kusomea uuguzi.

Hakugeuka. "Dereva alishasema."

"Alisema nini?"

"Kwamba utafaulu. Kwamba una kichwa cha mama yake mzazi. Alisema hivyo tangu ukiwa huyu mdogo wa kung'oka meno." Akapapasa kikombe chake, akakikuta hakina kitu, akakiweka. "Mimi nilichoka na habari zako, nikuambie ukweli. Namngoja wiki nzima. Saa zangu ni chache. Anaingia, hajavua koti, anaanza: Mwende amesema hivi, Mwende amefanya hivi. Mwende amemwuliza padri kama Mungu anakata kucha. Mwende amelala na viatu vipya. Namwambia, Dereva, mimi nilikubeba mgongoni, zungumza mambo yangu kidogo. Anacheka. Unajua anavyocheka."

Nikasema, najua.

"Basi ndiyo hiyo. Kule hospitali pia. Mimi namkumbusha vitani, yeye ananiambia siku ulipomletea nyoka wa plastiki kitandani."

Nilikalia kiti cha baba bila kutambua. Nilimwuliza mbona hakuniambia mimi. Mbona hakuniambia hata mara moja.

Mzee Barasa alishangaa swali langu. "Nani anamsifu mtoto wake mbele yake?" alisema. "Si atamharibu? Mtoto anasifiwa kando. Unatafuta mtu wa kumwambia, unamwambia huyo." Kisha akaongeza polepole kuliko desturi yake, "Siku ile ulipokuja Ngara sikufurahi. Nilisema sasa anamleta mpaka hapa."

Watu niliowasimulia haya hunitazamia niseme kwamba siku ile wivu uliniisha. Haukuisha. Uligeuka upande. Nilikuwa nimeketi pale nikijua kwamba baba alinipenda kama nilivyotaka kupendwa, na kwamba mapenzi yale yote alikuwa ameyafunga kikapuni na kuyapeleka Ngara, kwa mtu ambaye hakuyataka, aliyeyasikiliza akingoja yaishe. Sifa zangu zilikuwa mali ya Mzee Barasa. Nilizitaka.

Nikamwomba anisimulie nyingine. Akasema chai kwanza.

Hivyo tukaanza. Nilipokuwa chuoni na baadaye kazini, nilikuja Jamhuri kila nilipopata nafasi, nikaketi kushoto au kulia, haikujalisha tena, nikamweleza nani anapita barabarani, naye akanilipa. Hakuwa mkarimu. Alinipimia moja kwa safari, wakati mwingine nusu, na nikimbembeleza alisema kichwa chake kimechoka. Kwa kinywa chake nilikutana na msichana mdogo ambaye baba yake alikuwa akimtazama kutwa nzima bila yeye kujua. Na kusema kweli, nilimwonea wivu hata yule msichana.

Mzee Barasa alifariki nikiwa zamu ya kazi mbali na Nairobi. Mama aliniambia kwamba wiki ile alikuwa mchangamfu, na alikuwa akiuliza nitakuja lini, kwa sababu amekumbuka moja ambayo hajanipa. Mama akamwambia amwambie yeye. Akakataa, akasema hiyo ni ya Mwende mwenyewe. Tulimsafirisha hadi kwao magharibi, tukamzika kwa heshima zote, na mimi ndiye niliyejua zaidi ya wote kile kilichokuwa kikishuka kaburini.

Watu huniambia nisihuzunike, kwamba wazee wale sasa wako pamoja. Najua wako pamoja. Nawaona kabisa, wameketi viti viwili, na baba anasimulia habari zangu hata kabla hajavua koti, na Koplo analalamika, na baba anacheka kile kicheko. Mimi nimebaki huku, na siwasikii.